Mzizi Hauulizwi

Mata-Utu, Wallis
2 Aprili 1984

Kaka yangu Atonio,

Nimefika salama, ingawa ile ndege ilitikisika mpaka sista aliyeketi kando yangu akamaliza rozari mbili kabla hatujaiona nchi kavu. Msalimie wifi yangu Savelina na tumbo lake. Mwambie asinyanyue vikapu vya magimbi. Hiyo ni kazi ya mwanamume mwenye mabega kama yako, ambaye kila siku husema mgongo unamuuma.

Najua umekaa ukingoni mwa mkeka unakuna kidevu, unataka kujua dada yako amekuwa nani huku. Amekuwa mtu wa kubembelezwa, kaka, na anaogopa. Baraza la Eneo lina viti ishirini. Mzee Kusitino, aliyeshika uenyekiti tangu mimi nikiwa mwali, ana watu tisa. Lafaele ana kumi. Amebaki mmoja, mwalimu mjane kutoka Futuna, aliyedhani atakuja hapa kukaa nyuma na kusikiliza. Nikienda kwa Lafaele, mambo yamekwisha, ameshinda. Nikienda kwa Kusitino inakuwa kumi kwa kumi, na sare humpa kiti aliyezaliwa kwanza. Kusitino amezaliwa kabla ya mawe.

Tangu nishuke ndege sijabeba kikapu changu mwenyewe. Jana mtu wa Kusitino alinifuata kanisani, akapiga magoti karibu nami, akaninong'oneza katikati ya Baba Yetu: "Mama Sapeta, nyumba yenu kule Futuna ni ya bati au ya makuti?"

Nikamjibu, "Ni ya watu."

Akatabasamu, akaendelea kusali. Bi Falakika, binamu yake Lafaele ninayelala kwake, alicheka sana nilipomsimulia. Na mimi nikacheka. Lakini pale kanisani sala ilinipotea, sikuimaliza.

Nimempa Lafaele neno langu, kwa sharti moja. Kabla ya barabara na kabla ya gati, Futuna ipate daktari na chumba cha kuzalia. Amekubali mchana kweupe mbele ya watu wake wote. Wanawake wa kwetu Sigave ndio walionipa kura, na hawakuniomba kingine. Sina haja ya kukuambia kwa nini. Mwaka juzi ndege ilikataa kuja siku tatu, na kile kisanduku kidogo ulikibeba mwenyewe mpaka makaburini.

Kura ni tarehe 24. Jina lako linaitwa, unasimama, unamtaja umtakaye, na watu wote wanasikia. Hakuna pa kujificha.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike haraka. Mtu yeyote akikuletea mzizi wa kava mtwange na kunywa pamoja kabla ya siku hiyo, wewe ugua. Jifunike shuka, Savelina aseme una homa. Ukishauwekea mkono umetufunga sote, na dada yako hana tena mdomo wake. Wala usinipigie simu. Simu ya posta ya huko inasikilizwa na kijiji kizima, na anayeishika ni mkwe wa chifu wetu Pasikale.

Mdogo wako,
Sapeta


Sigave, Futuna
3 Aprili 1984

Mheshimiwa Mjumbe, mdogo wangu Sapeta,

Naona raha kuandika hivyo. Nimeandika mara mbili kwenye karatasi nyingine kwanza, kwa kufurahi tu.

Nina habari, na safari hii si wewe peke yako mwenye habari. Jana baada ya misa watu wa chifu Pasikale wamekuja nyumbani. Si kuja kwa kupita. Wamekuja wamejifunga mikeka mizuri viunoni, majani shingoni, wameketi chini kwenye nyasi bila kuzungumza, kama inavyotakiwa. Wameleta mzizi wa kava mkubwa, wawili waliubeba kwa mti. Tangu mazishi ya baba sijaona mzizi wa namna ile ukiingia kwetu.

Unajua cheo cha marehemu mzee Fetaiaki hakina mtu. Unajua pia sikukuu ya Mtakatifu Petro Chanel ni mwisho wa mwezi huu, na vyeo hutolewa siku kama hizo. Sisemi kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Savelina amekunja uso, akanivuta pembeni. "Kwa nini leo? Waulize wanataka nini."

Nikamwambia, "Mke wangu, mzizi hauulizwi." Ndivyo baba alivyotufundisha. Mtu akikuletea mzizi, unaweka mkono, mnautwanga, mnaunywa, ndipo neno linakuja. Anayetaka neno kwanza ana roho ndogo. Basi nikaweka mkono. Tumetwanga, tumekunywa, hata kile kikongwe chao Mikaele, msemaji wa chifu, amenywa vikombe viwili akanisifu kwa sauti. Neno watakuja kulisema kesho kutwa. Nimeshautoa mkeka wa mama kwenye sanduku upate hewa, nisije nikaukalia siku hiyo unanuka nondo.

Wewe pigania daktari wako huko. Na mimi huku ukoo wetu hautalala. Safari hii tutakuwa wawili wenye vyeo, watu watatuona tunavyotembea.

Kaka yako,
Atonio


Mata-Utu
10 Aprili 1984

Kaka,

Barua zetu zimepishana angani. Ulikuwa umeshakunywa, na mimi nilikuwa nakuambia uugue. Niliposoma neno "mzizi" ilibidi Bi Falakika anishikie karatasi.

Nakuuliza kama mdogo wako, nakuuliza pia kama mjumbe wako. Neno walilileta? Walisema nini? Niambie kama lilivyo, usiliongeze sukari.

Nakuuliza kwa sababu ya mambo ya jana. Kusitino alitualika wajumbe wote ishirini kwenye kava yake, na mwaliko kama ule haukataliwi. Tumekaa duara. Mwita vikombe akaita cha mfalme, akaita cha wazee, akaita cha huyu na cha yule. Halafu akapaza sauti: "Kikombe cha Atonio wa Sigave!"

Kaka, ulikuwa maili mia na hamsini ng'ambo ya bahari. Kikombe kikaja moja kwa moja mpaka mbele yangu. Lafaele alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu. Nilikipokea kwa mikono miwili, kava ikanimwagikia mapajani. Sikunywa. Nikampa aliyeketi nyuma yangu, maana mila inaruhusu, ingawa ni kama kumwambia mwenyeji "nimekusikia, sijakujibu."

Kusitino alicheka polepole, kama babu anayemtazama mjukuu. "Mama Sapeta leo hana kiu," akasema. "Hakuna haraka. Kiu itakuja."

Tangu hapo watu wa Lafaele hawaniachi. Wanawake wawili wanalala mlangoni kwangu. Hata nikienda chooni nasindikizwa. Wanasema ni kunilinda, lakini leo asubuhi nilipotaka kwenda sokoni peke yangu, Bi Falakika alisimama mlangoni, akasema kwa upole, "Shoga, tusisumbuane." Hawa wanaogopa nitakimbia, na wale wanaogopa nitabaki. Leo mchana jiwe limetua juu ya bati. Moja tu. Tulitoka, hatukuona mtu, barabara ilikuwa nyeupe na kuku wanachakura.

Nijibu haraka. Naona kama nimekalia kuti kavu, na wewe ndiye uliye chini yake.

Sapeta


Sigave
13 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Wewe tangu utotoni nazi ikianguka unasema ni mwizi. Tulia. Hakuna kitu.

Neno walilileta, ndiyo. Lilihusu sikukuu. Nguruwe wangapi, mikeka mingapi, nani achimbe shimo la kuchomea. Mambo ya wanaume. Cheo bado hakijatajwa, huenda wanangoja. Hicho kikombe walichoniitia huko ni heshima tu. Kuna ubaya gani jina la kaka yako kutajwa mbele ya wakubwa?

Hapa wote wazima. Savelina anakwenda vizuri, miguu imevimba kidogo. Maji kwenye mfereji wetu yamepungua, magimbi ya shamba la juu yameanza kulegea majani. Labda ni jua. Yule nguruwe jike mweupe amekufa. Labda alikula kitu. Mimi usingizi hauji vizuri, ni joto.

Nilikuwa nafikiri jambo. Huyo Lafaele una hakika naye? Mtu akiahidi kabla hajapata, huyo ni mvuvi anayegawa samaki walio majini. Kusitino si mtu mbaya. Kimbunga kile kilipopita, nani aliyetuletea mabati? Na daktari huyo, hata kwa Kusitino huenda akaja, mwaka mwingine. Nasema tu. Sikushiki mkono.

Usiniandikie mambo haya tena kwa urefu. Barua zinafika zimefunguliwa pembeni.

Atonio


Sigave
14 Aprili 1984

Wifi Sapeta,

Barua hii imebebwa na Sista Aloisia ndani ya kitabu chake cha sala. Kaka yako hajui. Mungu anisamehe kwa kumwendea kinyume, lakini anakudanganya, na anakudanganya kwa sababu anakupenda na anaona haya.

Neno lililetwa na Mikaele. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia yote. Alisema, "Atonio, mzizi tumeunywa pamoja. Basi kura ya dada yako ni ya Kusitino. Chifu Pasikale ameshampelekea ahadi."

Kaka yako akasema, "Sikujua. Nilidhani ni cheo."

Mikaele akamtazama, nadhani hata alimhurumia. Akasema, "Mzizi hauulizwi, Atonio. Na haurudishwi. Dada yako akimtaja mwingine, ardhi hii ni ya kijiji, na kijiji kitaitaka."

Tangu siku ile mfereji umezibwa kwa mawe pale juu. Si jua, wifi, mvua inanyesha kila jioni. Nguruwe alikutwa na kamba shingoni. Na kila asubuhi tukifungua mlango kuna wanaume wameketi kwenye ule ukuta wa mawe, wametuelekea. Ni watu tunaowajua, mmoja wao alitusaidia kuezeka jiko. Kengele ya misa ikilia wanaondoka. Nikiwasalimia hawaitikii. Kaka yako shelisheli ikianguka nyuma ya nyumba anashika panga. Halafu anakuandikia wewe kwamba unaogopa nazi.

Juzi alikwenda kwa padri. Padri akamwambia asali.

Nimeingia mwezi wa nane. Kila mwanamke wa hapa ananishika tumbo njiani, ananiambia, "Huyu atazaliwa na daktari." Hawasemi kwa sauti, lakini wanasema. Basi nakuomba, mtaje yule uliyeahidi kumtaja. Nyumba hujengwa. Tutakwenda kwa mama yangu kule Alo, upande wa pili wa kisiwa, tutalala sebuleni kwake. Mimi siogopi.

Savelina


Mata-Utu
20 Aprili 1984

Kaka Atonio,

Siijui siku ambayo barua hii itaondoka. Mvua haijakata tangu Jumapili, uwanja wa ndege wa Vele huko kwenu umejaa maji, ndege imefunikwa turubai. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Najua yote. Usiulize nani kaniambia, wala usimkasirikie mtu. Nilikasirika mwenyewe hadi nikavunja sahani ya Bi Falakika. Cheo! Kaka, una nyumba, una mke, una mashamba ya magimbi ambayo watu wanayaonea wivu, halafu ukaona mzizi mkubwa ukajiona chifu! Nikakutukana peke yangu chumbani mpaka nikachoka. Halafu nikalia, maana nilikuona unaanika mkeka wa mama juani.

Sasa nisikie. Jana Bi Falakika alikubali kunipeleka bandarini, mimi na wale wanawake wawili nyuma yangu. Pale nyuma ya maghala kuna banda la mabati machakavu. Wanaishi watu wa familia moja kutoka upande wa kusini wa kisiwa hiki. Baba yao aliuwekea mkono mzizi wa watu, halafu mwanawe akaenda kinyume. Walichomewa nyumba, wakang'olewa migomba, hata makaburi yao hawaruhusiwi kuyafagia. Ni miaka kumi na moja sasa. Yule mama aliponiona alijua mimi ni nani, dunia yote hapa inajua. Hakuniomba chochote. Alisema tu, "Mwanangu, wakikufukuza, hata maiti yako haina pa kwenda."

Nilirudi nikafunga mlango.

Sina ushujaa wa mkeo. Nimejaribu kuutafuta, haupo. Kila nikifumba macho nakuona chini ya mabati yale, na Savelina amelala kwenye gunia. Mama amezikwa hatua chache kutoka mlangoni kwako. Siwezi kusimama katika Baraza nikasema neno moja la kuwafukuza nyinyi watatu.

Tarehe 24 nitamtaja Kusitino.

Lafaele hajui. Asubuhi kanipa chai mwenyewe kwa mkono wake, kaniuliza daktari nimtakaye awe mwanamume au mwanamke. Nilisema mwanamke. Sijui kwa nini nilijibu.

Mwambie Savelina nitamtafutia nafasi aje kujifungulia huku. Atanichukia. Anichukie akiwa ndani ya nyumba yake.

Sapeta


Sigave
21 Aprili 1984

Mdogo wangu Sapeta,

Keti kwanza. Ni habari njema.

Nilikudanganya barua iliyopita. Neno la Mikaele lilikuwa kura yako, si nguruwe. Nilidhani nikinyamaza litajimaliza lenyewe. Savelina aliponiambia kwamba amekuandikia, nilitaka kupiga kelele, nikajikuta nimekaa chini kama mtoto. Akaniambia, "Umeufunga mdomo wa dada yako. Nenda ukaufungue."

Nikamwambia mzizi haurudishwi. Akasema, "Hujawahi kuona ukirudishwa. Si kitu kimoja."

Basi jana alfajiri nilichimba mzizi wetu, ule alioupanda baba, ndio pekee uliokuwa na ukubwa wa kulingana na wao. Nikaubeba mgongoni. Nikapita barabara yote ya kijiji kulipokucha, na wale wanaume wa ukutani wakashuka wakanifuata. Nilipofika uani kwa chifu Pasikale nikauweka mzizi chini, nikaketi kwenye tope, nikajifunika kichwa kwa mkeka wa mama. Unajua maana yake. Mtu aliyejifunika mkeka ameutoa mwili wake, wamfanye watakavyo.

Sijawahi kuogopa vile. Chini ya mkeka huoni kitu. Unasikia miguu. Miguu inakuja, inasimama, inaondoka. Mtu mmoja alinitemea mate. Mwingine alikuwa ananoa kitu, sijui panga, sijui jembe, alinoa mpaka meno yakaniuma. Mvua ilinyesha, nikaketi. Kengele ya saa sita ikalia, nikaketi. Nilijikojolea, mdogo wangu. Nakuambia hili ili ujue kwamba sikudanganyi tena.

Alasiri nikasikia sauti ya kikongwe. Ni mama yake chifu, yule asiyetoka ndani. Alimwuliza mwanawe, "Huyo ni mtoto wa nani anayeloa uani kwangu?" Chifu akamtajia jina langu. Kikongwe akasema, "Mimi nimezaa tisa kwa mkono wa dada yangu, nimezika wanne. Mtu ambaye dada yake anatuombea daktari hauawi." Halafu nikaona mwanga. Ameushika ukingo wa mkeka kwa mkono wake mwenyewe akauinua.

Ukishainuliwa umeinuliwa. Chifu mwenyewe ilibidi aninyooshee mkono. Alisema mbele ya watu wote, "Mzizi umerudi. Dada yako aseme atakavyo." Hakufurahi, lakini amesema. Leo asubuhi ukuta haukuwa na mtu, na maji yameanza kuja kwenye mfereji.

Kwa hiyo uko huru, Sapeta. Mtaje Lafaele, mtaje kwa sauti.

Nilikwenda posta nikupigie simu. Mkwe wa chifu akasema mitambo haishiki kwa sababu ya mvua. Nikaomba telegramu, akasema ni mitambo ileile. Labda ni kweli. Kuna meli ya mbata wanayosema itaondoka bandari ya Leava kesho bahari ikitulia, nahodha amekubali kuibeba hii. Namwomba Mungu bahari itulie.

Kaka yako asiyekuwa na cheo,
Atonio


Mata-Utu
26 Aprili 1984

Kaka, na wifi,

Meli ilifika jana jioni. Kura ilikuwa juzi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama gatini, katikati ya watu wanaoshusha magunia. Niliisoma mpaka pale kikongwe alipouinua mkeka, halafu nikashindwa kuendelea. Mtu mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, ni habari njema.

Jina langu liliitwa la mwisho. Walikuwa kumi kwa tisa, na wanawake waliojaa kwenye madirisha walikuwa wameshaanza kutabasamu. Nilisimama. Nikamtaja Kusitino kwa sauti ndogo, katibu akasema, "Rudia, mama." Nikarudia. Lafaele hakunigombeza. Alikusanya karatasi zake, akazinyoosha kingo, akaniambia, "Nilishamwandikia daktari." Bi Falakika ameweka kikapu changu nje ya mlango, kimefungwa vizuri, na chakula ndani. Kile chakula kimeniumiza kuliko matusi.

Kusitino amenipa uenyekiti wa kamati ya afya. Usicheke. Nilimwuliza papo hapo kuhusu Futuna. Akanipigapiga mkono, "Mwakani, mama. Mwaka huu pesa zote zimeshapata wenyewe." Nina ofisi na feni.

Nilikuwa nakuogopea wewe, kaka, na wewe ulikuwa umeketi topeni unaniogopea mimi. Sasa naogopa kushuka kwenye ndege ya Futuna. Sijui nitapitaje mbele ya wanawake wale. Barua yangu ya tarehe 20 itawafikia pamoja na hii. Mnaweza kuichoma.

Sapeta


Sigave
29 Aprili 1984

Wifi,

Tulikuwa tumeshajua kabla ya meli kuleta barua zako; hii nayo naipa meli hiyohiyo. Redio ilisema.

Siku ya kura nyumba ilijaa watu. Kaka yako alikuwa ametandika mikeka yote, ameamka na furaha, anawaambia, "Sikilizeni, sikilizeni, sasa hivi dada yangu." Wanawake waliketi mbele wanaisogelea redio. Ulipomtaja Kusitino kaka yako akasema, "Wamekosea jina." Akasema mara mbili. Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakakunja kanga zao za kukalia, wakaenda. Hawakuwa na hasira. Nilitamani wangekuwa nayo. Mimi ndiye niliyezima redio.

Jana sikukuu, baada ya misa, chifu Pasikale alituma nguruwe. Mzima, amechomwa vizuri, mkubwa kuliko wote waliokuwa uwanjani, amebebwa na watu wanne mpaka kwetu kijiji kizima kikitazama. Mikaele akasimama akasema kwa sauti yake ile, "Chifu anamshukuru Atonio. Alipewa ruhusa ya kuvunja neno, na nyumba yake haikulivunja. Hii ndiyo heshima." Watu wakapiga makofi. Wale wa ukutani walipiga makofi zaidi. Wanasema sasa kile cheo huenda kikaja kweli.

Nguruwe wa shukrani hakataliwi. Kaka yako alikaa mbele yake na kisu, amekishika tu, na watu wote wanangoja. Nilidhani hatakata. Alikata, wifi. Aligawa vipande vyote kwa taratibu zake, kichwa kwa wazee, mgongo kwa chifu, hakukosea hata kimoja. Alichobakiwa nacho alikitia mdomoni akatafuna mbele yao, machozi yanamtoka, na Mikaele akawaambia watu kwamba ni ya furaha.

Sikuchukii. Nimezisoma barua zako zote mbili, sijazichoma. Nilikuambia siogopi nilipodhani daktari anakuja.

Uwanja ukikauka ndege itakuja Jumanne. Rubani hachukui wenye mimba kubwa, nitavaa gauni pana na nitabeba mtoto wa jirani mapajani ili asione. Nitafutie pa kulala karibu na hospitali. Jana usiku uchungu umenishika kidogo halafu ukaacha. Kaka yako hajui, usimwandikie.

Naogopa sana, wifi. Njoo unipokee uwanjani.

Savelina